Malaria ya Keroka si malaria ya Pwani

Mwezi uliopita nilikwenda Keroka, ule mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, kumzika baba wa jirani yangu wa hapa Mombasa. Jioni baridi ilinikaba nikatania: "Huku mbu mtamwonea wapi? Mkurupuko wa malaria uko kwetu Pwani, tena mwaka mzima."

Muuguzi mmoja akacheka. "Hapana, ndugu yangu. Ya mwaka mzima ni malaria ya kudumu. Mkurupuko ni wetu sisi."

Nilikuwa nikidhani mkurupuko ni wagonjwa wengi, basi. Kumbe ni wagonjwa kuzidi kiasi kilichozoeleka mahali hapo, majira hayo. Tuseme zahanati ya Kilifi hupata wagonjwa mia kila wiki ya msimu wa mvua, na mwaka huu ni mia vilevile: hapo hakuna mkurupuko. Zahanati ya Keroka iliyozoea watatu ikipata ishirini, huo ni mkurupuko.

Sababu ni baridi. Kijidudu cha malaria hukomaa ndani ya mbu, na joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi hukomaa polepole mno, mbu hufa kabla. Ukija mwaka wa joto na mvua nyingi, mambo hugeuka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mikurupuko nyanda za juu za magharibi.

Na hapa ndipo penye hatari. Sisi tulioumwa na mbu tangu utotoni tuna kinga kiasi, ndiyo maana kwetu wanaoponzwa zaidi ni watoto wadogo na waja wazito. Wa Keroka hana kinga hiyo, awe mtoto au mzee.

Nilimkumbuka kijana wa jirani yangu alipokuja Mombasa kutafuta kazi. Alitetemeka, nikamwambia ni homa tu, anywe chai ya tangawizi alale. Siku ya tatu tulimbeba hospitali hajitambui. Alipona, alhamdulillahi, lakini ushauri ule ulikuwa wangu.

Kinga yenyewe hupungua ukikaa mbali na mbu. Mwanangu yuko chuoni Kisii mwaka wa tatu sasa. Akija Idi, atalala ndani ya chandarua, na mwili ukimchemka atapimwa damu siku hiyo hiyo, hata bibi yake akisema ni uchovu wa safari.