Mizizi ya Mulondo: Sifa Tumezisikia, Kipimo Je?

NI nadra kupita katika minada ya Ngara na Biharamulo bila kumkuta mtu aliyetandika gunia chini na kupanga juu yake mafungu ya mizizi. Miongoni mwa mizizi inayotajwa sana huku magharibi ya Ziwa Victoria, na ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, ni mulondo. Wanaume huutafuna wakitaraji nguvu. Wengine hutaka hamu ya chakula, wengine kutuliza tumbo. Muuzaji huusifu kwa kila sifa. Asichokitaja ni kipimo, na hapo ndipo penye hatari.

Haifai kuidharau tiba ya wazee wetu. Kabla ya zahanati kufika vijijini, mizizi, magome na majani ndiyo yaliyotutibu. Serikali nayo ilikwisha kulitambua jambo hilo: mwaka 1974 kilianzishwa pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Watafiti wa taasisi hiyo wamefika mkoani Kagera, katika kata za Bugabo na Katoro, wakaziandika dawa za waganga wetu. Basi hatubishani kama mizizi ina dawa. Tunauliza ni kiasi gani, kwa siku ngapi, na kwa nani.

Mulondo wenyewe ni mfano mzuri. Ni mmea unaotambaa juu ya miti ya msituni, wenye majani mapana yenye umbo la moyo na mzizi unaonukia vanila. Huko Kakamega, nchini Kenya, huitwa mukombero. Watafiti wa Kameruni waliwanywesha panya madume maji ya mzizi huo. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2004, panya walionyweshwa kwa siku 8 waliongezeka homoni ya kiume. Lakini katika uchunguzi wa mwaka 2001, panya walionyweshwa kwa siku 55 walisimama kutengeneza mbegu za uzazi, na uwezo huo ukarejea baada ya dawa kuachwa. Ni kweli kwamba panya si mtu. Hata hivyo, kijana anayeutafuna kila siku mwaka mzima akitafuta mtoto anapaswa kuyajua hayo, kwani huenda anajiziba mlango anaoubisha.

Yapo madhara mengine. Mizizi ikishamenywa na kukatwa hufanana, na mnunuzi hana njia ya kujua alichouziwa. Unga uliosagwa mahali pachafu huleta kuhara. Mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anayechanganya mizizi na vidonge vya hospitali huenda akavuruga kazi ya vidonge hivyo. Aidha, katika nchi kadhaa wakaguzi wamekuta dawa za viwandani za nguvu za kiume zimechanganywa kwa siri katika unga unaouzwa kama wa miti shamba. Dawa hizo zaweza kumuua mgonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya kupanua mishipa ya damu.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni ya kuchelewa. Tuikumbuke Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni kijijini Samunge kunywa kikombe cha mzizi wa mugariga kwa shilingi 500, kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Wapo waliofia njiani na katika foleni, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kwa kudhani wamepona. Mkoa wetu, ambamo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, hauna udhuru wa kutoijua gharama ya kosa hilo.

Biharamulo ina somo lililo karibu zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani humo. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi 2025, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2 waliothibitishwa na 8 waliodhaniwa kuwa nao, na wote 10 walifariki. Homa ya namna hiyo huanza kama malaria. Anayejifungia ndani na kikombe cha mizizi huku akiuguzwa na jamaa zake huiweka hatarini nyumba nzima.

Kwa ndugu zetu wa visiwa vya Goziba, Bumbire na Ikuza, katika wilaya jirani ya Muleba, jambo hili lina uzito zaidi. Aliye bara akichelewa siku moja atatafuta gari. Aliye kisiwani atangoja mtumbwi na hali ya ziwa. Homa kali, kutapika damu, degedege la mtoto na uchungu wa uzazi si mambo ya kungojea mizizi ya mwaloni.

Viongozi wetu wana wajibu. Waratibu wa tiba asili wa wilaya wafike minadani na mialoni, wamtambue mganga aliyesajiliwa na mchuuzi asiyejulikana. Waganga na wauguzi wa zahanati wamwulize kila mgonjwa ametumia mizizi gani, tena bila kumkemea, kwa kuwa anayekemewa hujifunza kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Maafisa misitu nao wakumbuke kwamba anayechimba mzizi huua mmea. Wakulima wa Kakamega wamekwisha kufundishwa kuupanda mukombero mashambani. Nasi tuupande mulondo, ili msitu upumue na mnunuzi ajue anachokula.

Nawe msomaji, ukiupenda mulondo, utafune kwa kiasi na kwa siku chache, mwambie daktari wako, wala usimpe mtoto au mama mjamzito. Homa ikikushika, mguu wa kwanza uelekee zahanati.