Kipimo cha Damu Kinavyobashiri Ukali wa UVIKO-19
Mgonjwa wa UVIKO-19 anaweza kufika hospitalini akitembea, kumbe damu yake imeshaonesha hatari. Limfosaiti, chembechembe nyeupe zinazopambana na virusi, kwa kawaida hazipungui takribani 1,000 katika mikrolita moja ya damu ya mtu mzima. Kati ya wagonjwa 41 wa mwanzo walioripotiwa Wuhan, China, Januari 2020, 26 walikuwa chini ya kiwango hicho; na kati ya 13 waliolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, walikuwa 11. Kipimo chenyewe ni cha kawaida. Hata hivyo, VVU na baadhi ya dawa pia hupunguza chembechembe hizo, hivyo daktari hupima vilevile oksijeni. Anayepumua kwa shida asisubiri majibu ya maabara.