Fiziotherapia katika Afya ya Jamii na Uendeshaji wa Huduma za Afya

Fiziotherapia ni taaluma ya afya inayoshughulikia mwendo wa mwili: jinsi mtu anavyojigeuza kitandani, anavyokaa, anavyosimama, anavyotembea, anavyopumua na anavyotumia mikono yake kujipatia riziki. Nyenzo zake ni uchunguzi wa misuli, viungo na mishipa ya fahamu, mazoezi yanayotolewa kwa kipimo, mikono ya mtaalamu mwenyewe, vifaa saidizi kama magongo na viti mwendo, na elimu kwa mgonjwa na familia yake. Wananchi wengi huijua kwa jina la mazoezi tiba, na huikuta hospitalini baada ya ajali au kiharusi, wakati daktari amekwisha kumaliza sehemu yake. Hapo ndipo penye kasoro ya mipango. Huduma inayosubiri mpaka ulemavu ukomae hugharimu sana na huleta nafuu ndogo. Mtaalamu wa fiziotherapia ana kazi kabla ya maradhi, wakati wa maradhi na baada yake, na anastahili kuwamo miongoni mwa wanaopanga vitanda, watumishi, bajeti na takwimu za afya.

Mahitaji ni makubwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake, fiziotherapia ikiwemo, zingewasaidia. Idadi hiyo inaongezeka kwa sababu watu wanaishi miaka mingi zaidi, magonjwa yasiyoambukiza kama shinikizo la damu na kisukari yameenea, na wengi wanaonusurika katika ajali za barabarani hubaki na majeraha ya muda mrefu. Pamoja na hayo, katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati kuna wataalamu wa utengamao wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa uwiano huo, kumhudumia mgonjwa mmoja mmoja katika chumba cha mazoezi hakuwezi kutosha. Lazima taaluma ifanye kazi kwa macho ya afya ya jamii.

Kinga kabla ya maradhi

Kazi ya kwanza ya fiziotherapia katika jamii ni kuwafanya watu wawe na mwili unaotembea. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unapendekeza kila mtu mzima afanye shughuli za mwili za nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili. Ushauri huo ni rahisi kuutamka kuliko kuutekeleza. Mama mwenye kisukari na maumivu ya goti akiambiwa tu "fanya mazoezi" atajaribu siku mbili, goti litamuuma, ataacha. Mtaalamu wa fiziotherapia humpima kwanza, humpangia mwendo ambao goti linaumudu, humwonyesha namna ya kuimarisha misuli ya paja, kisha huongeza kipimo hatua kwa hatua. Kwa njia hiyo ushauri wa jumla hugeuka tiba anayoiweza.

Wazee wanahitaji kinga ya aina nyingine, kwa kuwa kwao kuanguka kunaweza kumaanisha kuvunjika nyonga, na nyonga ikivunjika wengi hawarudi tena kuwa kama awali. Kipimo kimoja cha kuwatambua walio hatarini hakihitaji mashine: mzee huinuka kwenye kiti, hutembea mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, hugeuka, hurudi na kukaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka. Kiti, saa na mita tatu za sakafu vinapatikana katika zahanati yoyote. Mapitio ya tafiti 108 yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2019 yalionyesha kuwa mazoezi, hasa ya kuimarisha usawa wa mwili na nguvu za miguu, hupunguza idadi ya matukio ya kuanguka miongoni mwa wazee wanaoishi majumbani kwa takriban asilimia 23.

Kazini pia kuna la kufanya. Mbeba mizigo sokoni, mshonaji anayeinama kutwa nzima na muuguzi anayewainua wagonjwa wote hujiweka katika hatari ya kuumia mgongo. Maumivu ya chini ya mgongo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu. Watu milioni 619 waliishi nayo mwaka 2020, na makadirio ni milioni 843 ifikapo 2050. Mtaalamu anayetembelea mahali pa kazi huangalia urefu wa meza, uzito wa mzigo na muda wa kupumzika, kwa kuwa mazoezi pekee hayawezi kushinda kazi iliyopangwa vibaya.

Kutambua mapema: mfano wa mguu kifundo

Hakuna hali inayoonyesha vizuri thamani ya kuwahi kuliko mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Hali hii humpata takriban mtoto mmoja katika kila 1,000 wanaozaliwa. Ikiachwa, mtoto hukua akikanyagia upande wa mguu, hupata vidonda na sugu, hushindwa kwenda shule na wenzake, na maumivu humfuata mpaka utu uzima.

Tiba yake ya kuaminika iliasisiwa na daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mtaalamu huushika unyayo wa mtoto, huunyoosha taratibu bila kutumia nguvu, kisha msaidizi hufunga plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi pajani wakati unyayo umeshikiliwa palepale ulipofikia. Baada ya wiki moja plasta hufunguliwa, unyayo husogezwa kidogo zaidi, na plasta mpya hufungwa. Kwa kawaida plasta tano hadi saba hutosha. Watoto walio wengi huhitaji pia kukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo wa ganzi, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu hadi kano ijiunge upya.

Baada ya hapo hufuata viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fito, vinavyovaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa kulala tu hadi mtoto atimize takriban miaka minne. Hatua hii ndiyo wazazi wengi huiacha, kwa sababu mguu tayari unaonekana mzima, na mguu huanza kupinda tena. Basi mafanikio ya tiba hii hutegemea mnyororo mzima: mkunga anayekagua nyayo za kila mtoto kabla mama hajaruhusiwa, rufaa inayojulikana ni ya wapi, plasta isiyokosekana stoo, viatu vinavyopatikana kwa saizi inayofuata, na mtu anayempigia mzazi simu asipofika kliniki. Mikono ya mtaalamu peke yake haitoshi. Uendeshaji wa huduma ni sehemu ya tiba.

Wodini: mfano wa kiharusi

Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, nchini Tanzania, uliwahesabu watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya kurekebishwa kwa umri, ilionekana kuwa Hai kulikuwa na wagonjwa takriban 109 na Dar es Salaam takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kiwango hicho cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vilivyo juu zaidi kupata kuripotiwa. Kwa hiyo kiharusi ni jambo la kawaida katika wodi za Tanzania, na kila hospitali ya wilaya inapaswa kujua la kufanya siku ile ile mgonjwa anapopokewa.

Siku za kwanza kazi huwa katika mambo yanayoonekana madogo. Mgonjwa hugeuzwa mara kwa mara ili asipate vidonda vya kulalia. Hukalishwa wima ili kohozi lisituame mapafuni na kuleta nimonia. Mkono uliopooza huegemezwa kwenye mto, kwa kuwa misuli iliyolegea haiwezi tena kulishika bega mahali pake. Ndugu wanaomwinua mgonjwa kwa kuvuta mkono huo humsababishia maumivu ya bega yatakayozuia mazoezi kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo mtaalamu huwafundisha ndugu wale wale wanaolala hospitalini: simama upande dhaifu, mshike kiunoni au mgongoni, magoti yako yakinge goti lake, mwinamishe mbele, ndipo ainuke.

Kuwahi huko hakumaanishi pupa. Utafiti wa kimataifa wa AVERT, uliochapishwa mwaka 2015 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 2,000, ulibaini kuwa kuwainua wagonjwa kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yao ya kupata nafuu nzuri. Vipindi vifupi, baada ya hali ya mgonjwa kutulia, ndivyo vinavyofaa. Baada ya wodi, kila kipindi cha mazoezi huwa pia nafasi ya kupima shinikizo la damu na kuulizia dawa, kwa sababu aliyepata kiharusi kimoja yuko hatarini kupata cha pili.

Ngazi ya msingi na nyumbani

Mtaalamu wa fiziotherapia anapokaa katika kituo cha afya, huweza kuwa mlango wa kwanza kwa wenye maumivu ya misuli na viungo. Australia iliwaruhusu wananchi wake kumwona moja kwa moja bila barua ya daktari tangu mwaka 1976. Sharti la utaratibu huo ni uwezo wa kuchuja. Wengi wenye maumivu ya mgongo hawahitaji eksirei wala kulala kitandani. Wanahitaji maelezo ya kweli, kuendelea na shughuli na mazoezi yanayofaa. Lakini mgonjwa mwenye homa, jasho la usiku na kupungua uzito anaweza kuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, na anayeshindwa kuzuia mkojo au anayepata ganzi sehemu za siri anahitaji rufaa ya haraka. Mtaalamu aliyefunzwa vyema hujua kuwatofautisha.

Nyumbani ndiko mambo mengi huamuliwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hulishwa, hubebwa na kukalishwa na mama yake mara nyingi kwa siku, ilhali mtaalamu humwona pengine mara moja kwa mwezi. Kumfundisha mama namna ya kumkalisha wakati wa kula kuna faida kubwa kuliko nusu saa ya mazoezi kliniki. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kufundishwa kutambua watoto wanaochelewa kukaa, kukagua viti mwendo na kuwakumbusha wagonjwa mazoezi yao, wakisimamiwa na mtaalamu anayebaki na wajibu wa uchunguzi na maamuzi.

Katika uendeshaji wa huduma

Mganga mfawidhi anayetaka hospitali yake ifanye kazi vizuri ana sababu ya kumsikiliza mtaalamu wa fiziotherapia. Mgonjwa aliyeanza kusimama mapema baada ya upasuaji hupata matatizo machache na huacha kitanda mapema kwa ajili ya mwingine. Mipango ya kumruhusu mgonjwa humhitaji mtu anayeweza kusema kama ataweza kupanda ngazi za nyumbani kwake na kutumia choo cha kuchuchumaa.

Ununuzi wa vifaa ni eneo jingine. Miongozo ya WHO ya mwaka 2008 ilieleza utoaji wa kiti mwendo kwa hatua nane, kuanzia rufaa na upimaji hadi kumfundisha mtumiaji na matengenezo. Kiti kilichogawiwa bila kupima upana wa nyonga na bila mto sahihi kinaweza kumpa mtu aliyeumia uti wa mgongo kidonda kitakachomrudisha wodini. Mtaalamu akishirikishwa wakati wa kuandaa bajeti, fedha hiyo hiyo huleta matokeo bora.

Takwimu nazo zinahitaji jicho lake. Taarifa za kawaida za vituo vya afya huhesabu magonjwa na vifo, lakini hazisemi kama aliyepona anaweza kutembea hadi sokoni. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha uwezo wa kiutendaji, uliopitishwa na WHO mwaka 2001, unatoa lugha ya kuandika hilo. Hata daftari la kituo linaweza kubeba mambo manne: siku zilizopita kati ya rufaa na huduma ya kwanza, vipindi alivyohudhuria mgonjwa, uwezo wake alipoanza na alipomaliza, na sababu ya walioacha. Daftari hilo likisomwa kila robo mwaka, timu ya uendeshaji ya halmashauri hujua kama tatizo ni upungufu wa watumishi, nauli au vifaa.

Sera zimeanza kuelekea huko. WHO ilizindua mpango wa Utengamao 2030 mwezi Februari 2017, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao katika mifumo ya afya, ikiwemo ngazi ya msingi. Kenya ilitunga sheria ya wataalamu wa fiziotherapia mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwasajili na kusimamia maadili yao. Tanzania imekuwa kwa muda mrefu na mafunzo ya fiziotherapia katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako tangu 1981 kipo pia chuo cha TATCOT kinachofundisha watengenezaji wa viungo bandia, na mwaka 2023 ilitunga sheria ya bima ya afya kwa wote. Hatua inayofuata ni ya halmashauri na mifuko ya bima: kuweka nafasi za ajira katika vituo vya afya, kulipia vipindi vya kutosha badala ya kimoja au viwili, na kuingiza vifaa saidizi katika kitita cha mafao. Pasipo hayo, tiba ghali ya hospitalini huokoa maisha na kumwachia mtu mwili asioweza kuutumia.