Farasi wa Mbio: Je, Nasaba Yatosha?

Katika vijiwe vya Kinondoni, kuanzia Magomeni hadi Mwananyamala, mabishano ya michezo ni mabishano ya Simba na Yanga. Ashabikiaye mbio za farasi hukosa wa kubishana naye. Uwanja mashuhuri wa mbio hizo katika Afrika ya Mashariki upo Ngong, Nairobi, nao ulifunguliwa mwaka 1954. Wengi wetu tumemwona farasi wa mbio katika picha tu. Hata hivyo mchezo huu unastahili kujadiliwa darasani, kwa kuwa ndani yake limo swali kubwa la elimu ya viumbe: mshindi huzaliwa, au hutengenezwa?

Nilianza kuupenda mchezo huu nilipokuwa masomoni ng'ambo, na huko niligundua kwamba mashabiki wake wengi wana jibu moja: nasaba. Wana sababu ya kusema hivyo. Farasi wa mbio wa aina iitwayo thorobredi ni mnyama ambaye ukoo wake umeandikwa vitabuni tangu karne ya 18. Kwa upande wa baba, wote hurejea kwa madume matatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria, mwaka 1704. Katika kizazi chake alizaliwa Eclipse, mwaka 1764, ambaye alishiriki mbio 18 asishindwe hata mara moja. Tangu hapo wafugaji wamekuwa wakiwapandisha mabingwa kwa mabingwa, wakitumaini kwamba mbio zitarithiwa kama rangi ya manyoya.

Maoni yangu ni kwamba nasaba ni mlango tu, wala si nyumba. Tutazame kwanza mwili wenyewe. Farasi aliyetulia, moyo wake hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika; akikimbia kwa nguvu zake zote, mapigo hupita 220. Wakati huohuo bandama yake hujikaza na kumwaga katika mishipa akiba kubwa ya chembe nyekundu za damu, ili damu ibebe oksijeni nyingi zaidi. Kila hatua ya mbio huenda na pumzi moja. Chini ya goti hana misuli mikubwa; ana mifupa na kano ndefu zinazovutika na kurudi kama springi. Mashine hii huweza kwenda kilometa 60 kwa saa, ikiwa na uzito wa karibu nusu tani.

Mwenye mashine bora kuliko wote, kwa maoni yangu, alikuwa Secretariat wa Marekani. Mwaka 1973, katika mbio za Kentucky Derby za kilometa 2 hivi, aliigawa njia katika robo tano, na kila robo aliikimbia kwa muda mfupi kuliko ile iliyotangulia. Majuma machache baadaye, katika Belmont Stakes, alikimbia meta 2,400 kwa dakika 2 na sekunde 24, akashinda kwa umbali wa urefu wa farasi 31. Muda huo haujavunjwa mpaka leo.

Alipokufa mwaka 1989, mganga wa wanyama Thomas Swerczek aliuchunguza mwili wake. Mashabiki husimulia kwamba moyo wake ulikuwa na uzito wa kilo 10, ilhali wa thorobredi wa kawaida ni kilo 4 hivi. Lakini mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza: nani aliupima? Jibu ni kwamba haukupimwa, ulikisiwa. Moyo uliowekwa kwenye mizani na mganga huyo huyo ulikuwa wa Sham, hasimu wake, aliyekufa mwaka 1993. Ulikuwa na kilo 8 hivi.

Basi tumkumbuke Sham huyo. Katika Derby alikuwa wa pili, kwa muda ambao ungempa ushindi katika miaka mingine karibu yote. Katika Belmont aliambiwa amfuate Secretariat tangu mwanzo. Mwendo ule ukamchosha, akamaliza wa mwisho, wala hakushindana tena. Alikuwa na nasaba, na moyo mara mbili ya wenziwe, lakini mbinu iliyotumika siku ile haikumfaa. Naye Secretariat alizaa mamia ya watoto. Wapo waliokuwa hodari, lakini hakuna aliyemfikia baba.

Jambo la pili ni matunzo. Mkufunzi nimpendaye ni Beryl Markham, ambaye wengi humjua kwa kuivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936. Kabla ya hapo alikuwa mkufunzi wa farasi katika Kenya, na mwaka 1926 farasi jike wake Wise Child, mwenye kano dhaifu za miguu, alishinda mbio za St Leger mjini Nairobi. Ushindi ule ulitokana na mkono uliojua mguu ule waweza kubeba nini. Na nyuma ya kila mkufunzi yupo saisi, ambaye hulala karibu na zizi na kuugundua ugonjwa kabla ya mganga kuitwa. Magazeti huandika jina la mpanda farasi na la mwenye mali. La saisi husahauliwa. Secretariat alikuwa na Eddie Sweat, na nafurahi kwamba katika sanamu ya farasi huyo huko Kentucky, Sweat naye amechongwa.

Jambo la tatu latuhusu sisi wa pwani. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na visubi. Katika hali yake kali huua farasi zaidi ya 9 katika kila 10 wasio na chanjo. Kuna pia ugonjwa uletwao na mbung'o. Nasaba ya Darley Arabian haimkingi farasi na kisubi hata kidogo, bali punda milia, asiyeandikwa katika kitabu chochote, hubeba virusi hivyo bila kuumwa.

Kutojua mambo haya kumewahi kugharimu maisha ya watu. Katika miaka ya 1570 jeshi la Wareno chini ya Francisco Barreto lilipiga kambi Sena, kando ya mto Zambezi. Askari na farasi walipoanza kufa, Wareno waliwashuku wafanyabiashara Waislamu wa hapo kwamba wametia sumu, wakawaua kikatili. Yaelekea sana kwamba wauaji wa kweli walikuwa mbu na mbung'o.

Walimu waweza kulifanyia jaribio swali letu bila farasi. Wanafunzi wahesabu mapigo ya mioyo yao wakiwa wametulia, kisha baada ya kuzunguka uwanja wa shule. Warudie baada ya majuma 6 ya mazoezi, na kulinganisha tarakimu. Kisha wajadili ni kiasi gani cha tofauti walizaliwa nacho, na ni kiasi gani wamekipata kwa jasho.