Kitenzi kimoja cha Kiingereza, deni la nani?

ABIRIA wa matatu zinazotoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Westlands, Kangemi au Kawangware hawatashangaa kumsikia mtu akimwambia mwenzake: "Borrow me five hundred shillings." Msemaji anaomba akopeshwe. Hata hivyo, kwa mujibu wa sarufi ya Kiingereza, sivyo alivyosema.

Kosa hili halitokani na uzembe. Katika Kiswahili, kitenzi 'azima' hutumiwa na anayetoa na anayepokea: "Niazime kalamu", "Nimeazima kalamu kwake." Kuhusu pesa, mzizi ni ule ule. Anayepokea hukopa, anayetoa hukopesha, na kiambishi cha kutendesha ndicho kinachogeuza mwelekeo wa tendo.

Kiingereza hutumia vitenzi viwili mbalimbali hapa: 'borrow' ni kukopa, 'lend' ni kukopesha. Cha kwanza huchukua shamirisho moja, yaani kitu kinachokopwa, na mtoaji hutanguliwa na 'from'. Cha pili huweza kuchukua mbili, kitondo na kipozi: "I lent him five hundred shillings." Mtu akiandika katika barua ya madai "I borrowed my neighbour five thousand shillings", msomaji hawezi kuwa na hakika ni nani anayemdai mwenzake.

Basi, kujua aina za vitenzi si jambo la mtihani pekee. Hebu tuzitazame aina nne ambazo aghalabu huwatatiza wazungumzaji wa Kiswahili.

Kwanza, kuna vitenzi elekezi na vitenzi si elekezi. Sisi husema kodi ya nyumba imepanda, au mwenye nyumba ameipandisha. Kwa Kiingereza, kodi hu-'rise' yenyewe, lakini mwenye nyumba hui-'raise'. Anayesema "The rent has raised" amechukua kitenzi kinachohitaji shamirisho akakiacha bila shamirisho.

Pili, kuna vitenzi vya hali, mathalani 'know', 'want', 'belong' na 'have' kwa maana ya kumiliki. Kiambishi chetu '-na-' hubeba tendo linaloendelea na vilevile hali ya kawaida: "anakula", "anajua". Ndiyo maana wengi husema "I am having a house in Uthiru." Kiingereza sanifu hudai "I have", kwa kuwa kumiliki ni hali. Lakini "I am having lunch" ni sahihi, kwani hapo 'have' ina maana ya kula, nako kula ni tendo.

Tatu, kuna vitenzi visaidizi. Neno letu "hakuenda" limebeba nafsi, ukanushi, wakati na tendo kwa pamoja. Kiingereza huyatawanya hayo katika maneno kadhaa: "He did not go." Kitenzi kisaidizi 'did' kimekwisha kuubeba wakati uliopita, hivyo kitenzi kikuu hubaki katika umbo lake la msingi. Kusema "did not went" ni kuutaja wakati mara mbili.

Nne, kuna vitenzi visivyofuata kanuni. Kiambishi '-li-' hutosheleza vitenzi vyetu vyote, ilhali 'go' hugeuka 'went', 'buy' huwa 'bought', nacho 'cut' hakibadiliki kamwe. Hivi havina budi kukaririwa.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Kenya. Hata hivyo, mikataba mingi ya kazi, ya nyumba na ya mikopo bado huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo, mwanafunzi asikariri kitenzi peke yake. Ajifunze pia iwapo kinahitaji shamirisho, ni kihusishi gani hukifuata na iwapo ni cha tendo au cha hali. Kabla ya kutia sahihi, na ahakikishe kitenzi kinasema ni nani aliyetoa na ni nani aliyepokea.