Kizunguzungu na Kichefuchefu Safarini

Katika vyombo vinavyovuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja wakati wa kusi, hawakosekani abiria wanaolevywa na bahari. Hali kadhalika huwapata wasafiri wa basi katika kona za barabara ya Mombo hadi Lushoto. Aghalabu watu hao huambiwa kwamba wana tumbo bovu au moyo mwepesi. Maelezo yote mawili si sahihi. Chanzo cha hali hii hakimo tumboni, bali kimo sikioni, na mtu akikifahamu anaweza kujisaidia.

Mizani ya mwili

Ndani kabisa ya kila sikio mna mifereji mitatu iliyopinda mfano wa nusu duara na kujaa ugiligili. Kichwa kinapogeuka, ugiligili huchelewa kuufuata mfereji, na hivyo hupinda vinyweleo vya seli maalumu ambazo hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya neva. Kando ya mifereji hiyo mna vifuko viwili vyenye fuwele ndogo mno za kalisi kaboneti. Hivi hutambua kuinama kwa kichwa na mwendo wa mbele, nyuma, juu au chini.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa bakuli la maji lililonyunyiziwa vipande vya karatasi. Bakuli likianza kuzungushwa, maji hubaki nyuma. Baadaye hulifuata, na bakuli likisimamishwa ghafula, maji huendelea kuzunguka. Ndiyo maana mtoto aliyejizungusha uwanjani huona dunia ikizunguka hata baada ya yeye kusimama.

Daktari Robert Bárány wa Vienna alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa uchunguzi wake wa chombo hiki. Alieleza kwamba maji ya moto au ya baridi yakitiwa sikioni huleta kizunguzungu, kwa kuwa badiliko la joto huusogeza ugiligili ingawa kichwa kimetulia.

Habari zinapopingana

Ubongo hulinganisha habari za masikio, macho na misuli. Mwanafunzi asomapo kitabu ndani ya basi, macho yake husema kwamba ametulia, lakini masikio husema kwamba anapinda kona. Wataalamu wengi wanakubali kwamba mgongano huu ndio uletao kisunzi, jasho la baridi, kichefuchefu na kutapika. Watu ambao mizani ya masikio yao yote mawili imekufa hawalevywi na bahari. Dereva naye hudhurika mara chache kuliko abiria, kwani ubongo wake huitazamia kila kona kabla haijafika.

Namna ya kujisaidia

Basi, jambo la kwanza ni kuzipatanisha habari hizo. Abiria aketi mbele katika basi, au katikati ya chombo ambako mrusho ni mdogo. Aegemeze kichwa, asisome, na atazame mbali kwenye upeo wa macho. Asipoweza kuona nje, afumbe macho. Ale chakula chepesi. Vidonge vya safari humezwa kabla ya kuondoka. Vingi huleta usingizi. Kwa hiyo dereva asivitumie.

Si kila kizunguzungu, hata hivyo, ni cha safari. Mwanafunzi aliyesimama gwarideni juani kwa muda mrefu huweza kuanguka kwa sababu damu imetuama miguuni na ubongo umepungukiwa. Alazwe kivulini, miguu iinuliwe. Asilazimishwe kusimama kwa kudhaniwa mvivu. Kizunguzungu chenye homa chahitaji kupimwa malaria. Kikija ghafula pamoja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kusema kwa shida, huenda ni kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Hapo kungoja kitulie chenyewe ni kuhatarisha maisha.