Mshale wa Kwanza Uwe Butu

Majuzi, hapa Ziwa, mwanafunzi mmoja wa sekondari alinijia baada ya vipindi akiwa na swali lisilokuwa katika silabasi. Alikuwa ameona kwenye simu ya babaye filamu ya Wamarekani wakiwinda kulungu kwa pinde. Akataka kujua: anayeanza achague kigumba cha aina gani, kile chenye makali yaliyokazwa mahali pamoja, au kile ambacho makali yake hukunjuka kinapompiga mnyama? Nilimwambia akamalize hesabu zake. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, kwani mtoto aliuliza jambo la maana nami nikamfukuza.

Kweli, ningeweza kujitetea kwa sheria. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwezi Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtia hatiani hata yule anayewinda ili apate kitoweo cha nyumbani. Wala si sheria peke yake inayomfanya mwalimu wa Uasin Gishu asite anaposikia neno mshale. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu walifikishwa hospitalini Eldoret wakiwa na vigumba miilini mwao. Kuna wazazi hapa ambao hawapendi kuona upinde hata ukiwa umetundikwa ukutani, nami siwalaumu.

Lakini kunyamaza kwetu hakuuondoi mshale akilini mwa kijana. Kunamwachia afundishwe na filamu, na filamu haimwelezi mambo ya msingi.

Basi nilipaswa kumjibu hivi. Kigumba huja mwisho. Kwanza hutazamwa upinde wenyewe, kisha uti wa mshale. Upinde wa ratili 40, yaani kama kilo 18 za kuvuta, usipewe mshale wenye uzito wa chini ya gramu 13 hivi. Mshale ukiwa mwepesi mno, nguvu inayobaki huurudia upinde na huenda ikaupasua mikononi mwa mpigaji. Uti ukiwa mfupi kupita kiasi, huweza kuponyoka mahali ulipoegemea na kuuchoma mkono unaoushika upinde. Halafu kuna ugumu wa uti. Mshale haurukii sawa kama wengi wanavyodhani; ugwe unapousukuma, hujipinda na kujinyoosha kama samaki anayeogelea. Ulio laini mno au mgumu mno kwa upinde wake huenda upande, hata shabaha ya mpigaji iwe njema namna gani. Mwalimu wa fizikia anayehangaika kuieleza kanuni ya Hooke kwa springi za maabara angepata hapa mfano ambao hakuna mwanafunzi angeusinzilia.

Ama kuhusu vigumba vyenyewe, kile cha kukunjuka hupoteza sehemu ya nguvu katika kujifungua, na kina viungo vinavyoweza kukwama. Mwenye upinde dhaifu hafai kukitumia. Kigumba cha makali mawili yaliyokazwa, kilichonolewa vizuri, huzama zaidi kwa nguvu ndogo. Kisiponolewa, mnyama hukimbia na jeraha akafie mbali, na huo ni ukatili. Anayejizoeza shabahani hatumii hata kimoja kati ya hivyo viwili, bali ncha ya duara yenye uzito uleule, aghalabu gramu 6.5 au 8 hivi.

Haya yote, ndugu msomaji, si elimu ya kigeni. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, nchini Tanzania, wana mshale wa ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, wa chuma usio na sumu kwa wanyama wa kadiri, na wa chuma wenye sumu kwa wakubwa. Mzee wa Kikalenjin naye hakubeba podo lenye mishale ya namna moja. Ulikuwamo wa kuwindia ndege, ulikuwamo wa chuma wenye miiba, na sumu ya msunguti ilijulikana vyema. Wafaransa waliokitenga kiini cha sumu hiyo katika karne ya 19 walikiita uabaini, jina lililotokana na Kisomali, na madaktari wa Ulaya walikitumia baadaye kutibu moyo.

Ulio wa ajabu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mshale wa kutolea ng'ombe damu. Shingo ya ng'ombe hukazwa kamba mpaka mshipa uvimbe, kisha mshipa hupigwa kwa karibu kwa mshale ambao ncha yake imezuiwa kwa kipande cha mti au kwa uzi uliozungushwa, ili izame kidogo tu. Damu hukingwa katika kibuyu, kamba hulegezwa, na ng'ombe huenda zake malishoni. Aliyeubuni mshale huo alijua kipimo. Alitaka chombo kitoboe lakini kisiue, akakitengeneza. Ni wanafunzi wangapi wa Ziwa wamewahi kukiona? Nilipouliza darasani, mkono mmoja uliinuka, na mwenyewe alikuwa amekiona katika picha.

Ningependa mshale uingie shuleni, katika fizikia, katika historia, na katika michezo pia. Tunajivunia wakimbiaji wetu, na ni haki yetu, lakini wangapi wanakumbuka kwamba aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikuwa mpiga mishale, Shehzana Anwar? Olimpiki shabaha husimamishwa mita 70 kutoka kwa mpigaji. Uwanja wetu wa kandanda unatosha.

Masharti ni lazima yawepo: pinde zifungiwe stoo, mtu yeyote asisimame mbele ya mpigaji, na mshale wa kwanza uwe butu. Nimemwita yule kijana nikamwomba radhi. Amekwisha kuchonga mishale mitatu, na miwili imepinda. Ule wa tatu tutaujaribu Jumamosi kwa gunia lililoshindiliwa maganda ya mahindi, kichuguu kikiwa nyuma yake, na babaye ameahidi kuja.